Uvira kutoka juu: njia ya mlima ambayo haijafunga mzunguko

Mji wa Uvira hauna upana. Una urefu tu. Upande mmoja kuna maji ya Tanganyika, upande mwingine milima ya Mitumba, na katikati ukanda wa ardhi ambao sehemu nyingine motari anaukata kwa dakika chache kutoka ufukweni mpaka chini ya mlima. Mitaa imepangana kama shanga kwenye uzi, kutoka Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi mpaka Kalundu kwenye bandari. Mkaaji wa mji kama huu anaona barabara, anaona ukuta wa jirani, anaona kipande cha ziwa kati ya nyumba mbili. Mji wenyewe hauoni. Ili auone mzima, lazima apande.

Na kwa yeyote aliyetembea miji mingine ya ukanda huu, swali linakuja lenyewe: mbona Uvira haina njia ya matembezi mlimani, yenye alama na ya kila mtu? Njia ya mzunguko, ile ya kupanda upande mmoja, kutembea juu mgongoni mwa kilima huku unatazama pande zote, halafu kushuka upande mwingine na kufika nyumbani bila kurudia hatua zako. Mandhari ipo, tena inashinda ya miji mingi yenye sifa. Watu wenye miguu ya kupanda wapo, kuliko mahali pengi. Swali linaonekana kama la watalii, la watu wenye kushiba. Lakini ukilifuata mpaka mwisho linagusa mambo matatu ambayo Uvira na tambarare ya Ruzizi wanayaishi kila siku: nani anashika milima, nani analipa ili kupita, na maji yanatoka wapi yanapokuja kuua.

Kinachoonekana kule juu

Siku ya anga safi, hasa baada ya mvua kuosha vumbi, mtu aliyesimama kwenye vilima vya nyuma ya Mulongwe au Kavimvira anaona nchi mbili kwa mara moja. Mashariki, ng'ambo ya maji, Bujumbura imekaa chini ya milima yake, na usiku taa zake zinawaka kama moto wa wavuvi wengi waliokusanyika. Kaskazini tambarare inafunguka: Kiliba na mashamba yake ya miwa, halafu Runingu, Sange, na mbali zaidi, kule macho yanapoanza kuchoka, upande wa Luberizi na Mutarule. Kusini barabara ya taifa namba 5 inashikamana na ufuko kuelekea Makobola, Baraka na Fizi. Na kati ya hayo yote, mto Ruzizi unajipinda-pinda kwenye matete mpaka unaingia ziwani karibu na Gatumba.

Unaingia. Neno hilo dogo liliwasumbua wazungu miaka mingi. Mwezi wa nne 1858, Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakitafuta chanzo cha Nile. Walitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, maana kama unatoka, basi Tanganyika ingeweza kuwa ndiyo mama wa Nile. Wenyeji waliwaambia waziwazi: mto unaingia. Wageni hao hawakufika mpaka mdomo wa mto kuona wenyewe, na huko Ulaya mabishano yakaendelea miaka 13, mpaka Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipokwenda na mtumbwi wakakuta maji yanaingia, kama wenyeji walivyosema. Leo upande wa Burundi kuna jiwe kubwa la kumbukumbu kule Mugere, kusini ya Bujumbura, lenye majina ya hao wawili, na wageni wanakwenda kupiga picha. Upande wa Uvira hakuna kitu. Na kusema kweli, kijana yeyote aliyepanda kutafuta kuni siku ile ya 1858 angewajibu kwa kunyoosha kidole tu.

Kupanda si matembezi

Watu wanapanda, tena kila siku. Uvira mtu akisema "naenda ku mulima", hakuna anayefikiri anakwenda kunyoosha miguu. Anakwenda shambani kwenye mihogo, anakwenda kukata kuni, anakwenda kununua makala au ndizi kwa bei ya huko ili auze kwa bei ya chini. Na wa juu wanashuka: mama mwenye mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, kijana na kuku wake, mzee mwenye fimbo anayekuja hospitali. Njia zao zipo tangu zamani, zimekanyagwa mpaka zimekuwa ngumu kama saruji.

Lakini njia hizo zote zinapanda na kushuka palepale. Ukitazama namna ardhi ilivyo utaelewa. Mito ya Uvira, yaani Kavimvira, Mulongwe, Kalimabenge na vijito vingine, inateremka kutoka Mitumba kwenda ziwani, kila mmoja kwenye korongo lake. Kati ya korongo na korongo kuna mgongo wa kilima, na kwenye mgongo kuna njia ya miguu inayounganisha soko na shamba. Mama mwenye gunia la makala hana haja ya kuvuka makorongo mawili ili atazame ziwa vizuri. Ndiyo maana mzunguko haupo. Si kwamba mlima haupitiki. Ni kwamba watu wa kazi hawakuwa na sababu ya kuziunganisha zile njia kwa juu.

Waliokuwa na sababu ni wenye silaha.

Historia ya Uvira tangu uhuru inaweza kusomwa kwa kuhesabu mara ngapi mji umebadilisha mikono. Mei 1964 waasi wa Simba waliuchukua. Oktoba 1996 ulikuwa kati ya miji ya kwanza kuanguka katika vita vya AFDL. Oktoba 2002 Mai-Mai waliushika kwa siku chache kabla RCD haijaurudisha. Septemba 2017 watu wa Yakutumba walifika mlangoni kwa upande wa ziwa na kusini, wakazuiwa na jeshi la serikali likisaidiwa na MONUSCO. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, serikali ya jimbo la Kivu Kusini ilihamia Uvira. Na Desemba 2025 AFC/M23 walishuka kwa tambarare, wakapita Luvungi na Sange, wakaingia Uvira, siku chache tu baada ya makubaliano kutiwa sahihi Washington. Waliondoka Januari 2026, jeshi na Wazalendo wakarudi. Katika hizo zote, hata pale vita vilipokuja kwa barabara au kwa maji, macho ya kila kamanda yalikuwa mlimani. Mji ulio bapa chini ya ukuta wa mawe hauwezi kulindwa na mtu aliyesimama barabarani.

Kwa hiyo njia za juu, zile za kukata mlima kutoka mgongo mmoja mpaka mwingine, zinajulikana vizuri zaidi na wapiganaji kuliko na wakaaji. Na hapo ndipo wazo la matembezi linapogonga ukuta. Anayebeba mzigo anaeleweka. Mwenye jembe anaeleweka. Lakini mtu asiyebeba kitu, anayetembea tu mgongoni mwa kilima, anasimama, anatazama mji, anatoa simu na kupiga picha, huyo anafanya nini? Kwa askari aliyechoka, au kwa kijana wa Wazalendo ambaye hajalipwa na anaogopa, jibu la kwanza ni kwamba huyo ni mpelelezi. Kutembea bila sababu ni kitu ambacho watu wa miji yenye amani hawakioni kama haki, sababu hawajawahi kunyimwa. Ukitaka kujua kama amani imerudi Uvira, usihesabu mikutano. Tazama kama kijana anaweza kupanda Jumapili mchana, mikono mitupu, na kurudi jioni bila kuulizwa na mtu.

Bei ya kupita

Halafu kuna barieri. Mwaka wa 2017 taasisi ya utafiti IPIS ya Ubelgiji ilihesabu barieri 798 kwenye barabara za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, nyingine za jeshi, nyingine za makundi ya silaha, nyingine za serikali yenyewe au za watu wa kijiji. Hesabu hiyo ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma, na barieri zinahama: moja inafungwa hapa, mbili zinazaliwa kule. Lakini somo lake halijazeeka. Katika nchi ambapo askari halipwi vizuri na makundi hayana bajeti, njia yenyewe inakuwa shamba. Panapopita watu, panavunwa.

Kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, kijana mmoja na bunduki, na mama anatoa falanga chache au anaacha sehemu ya mzigo. Kila kimoja ni kidogo. Vikijumlishwa kwa wiki, kwa mwezi, vinakula faida yote, na mwishoni vinaingia kwenye bei ya makala na sombe sokoni, kwa hiyo hata yule asiyepanda mlima kabisa anavilipa. Wanaoota utalii wa milima wangefanya vizuri kukumbuka hili kabla ya kuchapisha picha nzuri. Njia mpya yenye wageni wenye dola ni habari njema kwa mwenye barieri kabla haijawa habari njema kwa mtu mwingine yeyote. Kama njia itafunguliwa kwa wageni huku mama wa makala bado anatozwa pembeni yake, basi kilichofunguliwa si njia, ni soko jipya la kamba ile ile.

Wakaaji wa Mutarule hawahitaji kufundishwa kwamba kuwa karibu na askari si sawa na kulindwa. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa hapo, wengine ndani ya kanisa ambamo walikuwa wanasali, huku jeshi na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwa kilomita chache tu kutoka hapo. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba mlima utakuwa salama sababu kuna kambi juu yake, swali la kwanza la msikilizaji wa tambarare ni hili: kambi hiyo inamjibu nani, na simu ikipigwa usiku nani anatoka?

Mlima ndio unaoleta maji

Sababu kubwa ya kutaka watu wa Uvira wapande na kutazama si uzuri. Ni Aprili 2020.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 mwezi huo mvua kubwa ilipiga milimani. Mulongwe na mito jirani ikashuka na mawe, matope na miti. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika, makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila mahali pa kulala. Mitambo ya maji ya Regideso, ambayo inachota kutoka Mulongwe huohuo, nayo iliumia, na watu wakarudi ziwani na bidoni zao. Katika mji ambao watafiti wa kipindupindu wanaujua kwa jina, kurudi kuchota ziwani si usumbufu mdogo. Mto uliokuwa unawapa maji ya kunywa ndio uliowabomolea nyumba na bomba kwa usiku mmoja.

Wengi chini walishangaa ukubwa wa ile maji, sababu mvua iliyopiga mabati yao wenyewe haikutosha kuieleza. Hapo ndipo mlima unapodanganya mji. Mvua inaweza kunyesha saa nzima kwenye vilele vya Mitumba, ambavyo nyuma ya Uvira vinapita mita 2,000, wakati ufukweni watu wanaanika ndagala. Maji yanajikusanya kwenye korongo, na makorongo ya Uvira ni mafupi na ya mteremko mkali: hayatoi muda. Mtu wa chini anasikia mngurumo, anafikiri ni radi, na wakati anafungua mlango mto uko uani.

Mtu aliyesimama juu angeona. Angeona wingu limekaa wapi, angeona mto umegeuka rangi, angeona kama miti imeziba mahali fulani na maji yanajaa nyuma yake, jambo ambalo ndilo la kuogopwa kuliko yote sababu kizuizi kile kikivunjika vyote vinashuka kwa pamoja. Na siku za jua, bila mvua, angeona kitu kingine: namna mteremko ulivyo mtupu. Miti imekwenda kwenye majiko ya makala. Moto wa kiangazi unasafisha nyasi kila mwaka. Nyumba zinapanda, sababu watu waliokimbia vita kule juu na kwenye tambarare wamejazana Uvira miaka nenda miaka rudi, na ardhi ya bapa imekwisha. Mahali pengine nyumba imejengwa kwenye kingo za korongo lenyewe, juu ya mawe yaliyoletwa na mafuriko yaliyotangulia. Mwenye nyumba hajui, au anajua lakini hana pengine. Kutoka juu picha hiyo haihitaji mtaalamu.

Upande wa chini nako ziwa limekuwa likipanda. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na maji yake mengi yanaondoka kwa kuvukizwa na jua. Miaka ya mvua nyingi ikifuatana, kama ilivyokuwa tangu mwisho wa 2019, ziwa linajaa na haliteremki haraka. Nyumba za ufukweni, bandari ya Kalundu, barabara ya kwenda mpakani, na ng'ambo Gatumba, zote zimeonja. Mji umebanwa basi kutoka pande mbili: mlima unasukuma chini, ziwa linasukuma juu. Ukiwa ndani yake unaona tu kwamba kuna maji mtaani. Ukiwa juu unaona ukanda wenyewe unavyozidi kuwa mwembamba.

Haya hayahusu Uvira peke yake. Runingu, Sange, Luberizi, mito yote hii ya tambarare inazaliwa kwenye milima ileile. Na Mei 2023 Kalehe, kule Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya watu 400 walikufa kwa maji yaliyoshuka mlimani namna hiyohiyo, jimbo lilelile.

Wengine wamefanyaje

Si lazima kwenda mbali kutafuta mfano. Juu ya Nairobi kuna vilima vya Ngong. Wakaaji wa jiji wanapanda Jumamosi na Jumapili, wanatembea kwenye mgongo wa vilima kati ya mitambo ya upepo, upande mmoja jiji, upande mwingine Bonde la Ufa. Wengi hawarudi kwa njia ileile. Wanashukia Kona Baridi upande wa pili na kurudi kwa gari au pikipiki. Ngong nayo ilikuwa na sifa mbaya ya wanyang'anyi, na kwa miaka mingi wageni walishauriwa kupanda na askari wa misitu. Wanalipa kiingilio getini kwa shirika la misitu la serikali. Tofauti na kamba ya kwenye miti miwili ni ndogo kwa macho lakini kubwa kwa maana: mahali ni pamoja, bei imeandikwa, risiti inatolewa, na kuna ofisi ya kulaumiwa mtu akipotea.

Morogoro, Tanzania, mfano wake unakaribia zaidi hali ya Uvira. Mji uko chini ya milima ya Uluguru, na njia inayoitwa Morningside inapanda kutoka mjini mpaka kwenye nyumba ya zamani ya wakati wa Wajerumani, ambapo mji wote uko miguuni mwako. Lakini njia hiyo haipiti porini. Inapita katikati ya mashamba ya Waluguru, kwenye ndizi na mboga, na wakulima wanashuka nayo wakiwa na mizigo kichwani kwenda sokoni huku watembezi wanapanda. Msitu wa hifadhi unaanzia juu yake. Kutoka milima hiyo unatoka mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam, kwa hiyo serikali ina sababu ya kutunza msitu isiyohusu watalii hata kidogo. Mtembezi ni mgeni kwenye njia ya watu wa kazi. Mpangilio huo ndio Uvira ingeuhitaji: njia ibaki ya wenye mizigo, na mwenye mikono mitupu awe mgeni wao.

Nani aseme ndiyo

Kwa Uvira, hata kabla ya usalama, kuna swali la ardhi. Mji una meya na mitaa yake. Ukipanda kidogo tu unaingia kwenye ardhi ya chefferie ya Bavira, ambapo Mwami na machifu wake ndio wanaogawa mashamba kwa mila, wakati sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali, na sheria ya misitu ya 2002 ina lake la kusema juu ya miti. Juu zaidi ni Bijombo na nyanda za juu, ambako swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni limekwisha kuua watu wengi, na jamii zinazochunga ng'ombe na zinazolima zinahesabiana makaburi. Tambarare nayo inajua mzozo wa aina hiyo. Njia ya mzunguko, hata iwe ya kilomita chache, ingekata mipaka hiyo kadhaa. Kibao kimoja chenye jina la kilima kwa lugha moja na si nyingine kinaweza kuanzisha ugomvi.

Kwa hiyo wanaosema kwamba huu si wakati wa kuzungumza matembezi wana hoja, na si ya kubezwa. Watu bado wanarudi kutoka kambi za wakimbizi Burundi. Kuna familia ambazo hazijui nyumba yao imebaki na milango au hapana. Kuwaambia hao habari ya mandhari ni kama kumwimbia mgonjwa.

Lakini hoja hiyo inakosea mahali pamoja: inafikiri njia inaanza na mtembezi. Njia ipo tayari, na wanaoitumia ni haohao waliorudi. Kinachoweza kufanyika mapema hakihitaji mgeni hata mmoja. Barieri za njia za miguu zinaweza kuondolewa kwa amri ya jeshi na kwa kuwabana viongozi wa Wazalendo, na kila kamanda anajua kijana yupi anakaa kwenye kamba ipi. Sehemu za chini za njia, zile zinazoonekana kutoka mtaani, zinaweza kuunganishwa kwanza kwa kipande kifupi juu ya mitaa, bila kugusa nyanda za juu, na kipande hicho kingekuwa pia alama ya mwisho wa ujenzi: nyumba zisipande kupita hapo. Miti inaweza kupandwa kwenye kingo za makorongo na wenye mashamba yenyewe, kama watapewa hakika kwamba mti wao ni wao, maana mti usio na mwenyewe unakuwa makala kabla haujafika kiunoni.

Na kuna kazi ya bei rahisi kuliko zote, ambayo redio za tambarare na za mji zinaweza kuibeba. Watu wachache wanaoishi juu ya Mulongwe, Kavimvira na Kalimabenge, wenye simu yenye umeme na namba ya kupiga, wanaosema mvua imeanza kule saa ngapi na mto umegeuka namna gani. Dakika 20 za tahadhari usiku zinatosha kutoa watoto ndani. Jambo hilo linahitaji mtu aweze kukaa juu, kutembea kwenye mgongo wa kilima bila mzigo, kutazama mto na kupiga simu usiku, bila kuchukuliwa kama mpelelezi. Ni ruhusa ileile ambayo mtembezi wa Jumapili angeihitaji, na anayeweza kuitoa ni yuleyule.

Kiangazi kikifika, moto utaanza tena kwenye miteremko, na usiku mistari yake itaonekana kutoka Bujumbura. Mvua za kwanza hugonga mabati ya Uvira kuanzia mwezi wa tisa.